Seng'enge ya Nguzo Kumi na Saba

Kapkoros, Bomet
11 Februari 1996

Ndugu yangu Joab,

Chamgei. Sisi huku tunapumua. Mvua imekataa tangu Krismasi, majani ya chai yamekauka, na karani wa kituo ananirudishia nusu ya kikapu akisema nimletee chai, si kuni. Watoto wangu wa nasari wamefika thelathini na wawili na wote wanataka kukaa benchi moja. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, na Kipkirui amemnunia kana kwamba amefanya makusudi. Mama anakula vizuri. Ni miguu tu ambayo bado haijamrudia.

Sasa sikiliza. Ile redio ya mbao ya marehemu Baba ilinyamaza siku ya mwaka mpya. Ndugu yako Kipkirui akatumia bonasi ya chai kununua nyingine huko Kericho. Ni nyeusi, ina spika mbili kubwa kando na taa zinazocheza zenyewe, na inakula betri ya gari. Ikiimba, majirani wa ng'ambo ya mto wanajua tumeamka. Lakini sanduku la Mama limekufa. Ile spika uliyomtengenezea kwa mbao za kasha la majani chai ivute sauti ya redio kutoka nyumba kubwa, mwaka ule alipohamia kwenye nyumba yako ili isikae baridi, haisemi tena hata neno moja.

Tulimwita fundi kutoka Silibwet. Alitazama sanduku, akatazama waya unaopita juu ya paa, akaniuliza, "Madam, wire ya pili iko wapi?" Nikamwambia hakuna ya pili. Akacheka mpaka akaketi. Akasema spika inataka waya mbili, kwa hivyo hii haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Nikamwambia imefanya kazi miaka minane. Akaniangalia kama mtu anayehitaji maombi, akaenda zake.

Nilimletea Mama redio ndogo ya mkononi akaifunika kwa leso. Anasema yake iko ukutani na mwenye kuitengeneza atakuja. Jumapili saa nane, wakati wa kipindi cha salamu, bado anageuza uso kwenye sanduku. Anangoja kadi yako, na unajua asivyosikia la mtu.

Uje mwenyewe, Joab. Tangu Desemba ya tisini na mbili hatujakuona.

Dada yako,
Chelangat


Kwa Kimotho Radio Service, Isiolo
2 Machi 1996

Kwako Chelangat, mwalimu wa watu wadogo,

Nimeipokea barua yako, na Kimotho, huyu mwenye duka ninayefanya naye kazi, ameisoma pale pa fundi wa Silibwet mara tatu akicheka. Mimi ni mzima. Vumbi la huku tu ndilo limekipenda kifua changu, na halitaki kuhama. Kazi ni nyingi, redio za jeshi, redio za wafugaji, kwa hivyo kuja kwa sasa si rahisi. Mwambie Mama nimemsalimia na kwamba hiyo redio ya mkononi aikatae tu, nitamshtaki akiikubali.

Mwambie fundi wako waya ya pili iko. Mwaka ule sikuwa na pesa za waya mbili, kwa hivyo nilipitisha mmoja juu ya paa, na wa kurudi nikautoa kwenye seng'enge ya shamba langu. Inaanzia pembeni ya nyumba kubwa na kuishia chini ya dirisha la Mama, nguzo kumi na saba. Sikumwambia mtu. Niliona haya kwamba fundi mzima anatumia ua wa ng'ombe.

Spika ya zamani na redio mpya zinaelewana, usitishwe. Nyuma ya redio ya Kipkirui utaona vibanio vyekundu na vyeusi, jozi mbili. Shika jozi moja tu, ya kulia. Ondoa spika yake, weka waya wa paa kwenye chekundu na waya wa seng'enge kwenye cheusi. Usiunganishe vile vyeusi viwili pamoja hata Kipkirui akikuambia inaongeza sauti, redio itaungua. Kabla ya hapo kwangua ncha za waya kwa kisu mpaka zing'ae, maana kutu haipitishi kitu.

Halafu chukua betri ya tochi. Gusa nayo waya zote mbili kule nyumba kubwa, mguso tu, na mtu asikilize kwa Mama. Spika ikilia "tak", njia ni nzima. Ikikaa kimya, nenda ukaguse kwenye sanduku lenyewe. Ikilia hapo, basi sanduku ni zima na ubaya uko njiani, na utaifuata seng'enge nguzo kwa nguzo mpaka upate ilipokatika. Usiogope. Haiumi. Wewe uliyekuwa unalia ukiguswa na kiwavi, leo utakuwa fundi.

Sanduku likipona niambie, nitatuma kadi ya salamu. Sitaki isomwe kabla.

Ndugu yako,
Joab


Kapkoros
24 Machi 1996

Ndugu yangu Joab,

Chamgei, na pole kwa hicho kifua. Je, umeenda hospitali au unajitibu kwa chai ya tangawizi kama Baba? Huku mvua imeshuka sawasawa, chai imefungua macho. Kipkirui ana homa kidogo, mke wake anasema ni uvivu. Nasari imefungwa kwa wiki mbili, nimepata nafuu ya masikio.

Nimefanya ulivyosema. Nilipanda ngazi, mimi mwenyewe, nikakwangua waya wa paa mpaka ukang'aa. Nilipata vibanio. Nilimsimamisha jirani yetu Nyambeki mlangoni kwa Mama, nikagusa na betri kule nyumba kubwa. Akapiga kelele, "Hakuna kitu!" Nikaenda kwenye sanduku lenyewe, nikagusa. Likalia tak. Joab, Mama alikuwa amelala akaamka, akasema, "Amefika?" Nikarudia kugusa mara tatu ili asikie, naye akacheka kama msichana.

Kwa hivyo sanduku ni zima na vibanio ni vizima.

Nilitaka kukuuliza, je, sauti haiwezi kupita njia nyingine? Waya ya pili ikiwa ni waya kweli, kama ile ya paa? Ni swali tu.

Mama anakusalimu sana. Anasema usile vyakula vya barabarani.

Dada yako,
Chelangat


Isiolo
14 Aprili 1996

Dada Chelangat,

Huku ni salama. Pasaka tulikula mbuzi kwa Kimotho. Nilikula kidogo, lakini nilikula. Umefanya kazi nzuri kuliko vijana wawili niliowafundisha hapa, na hilo la Mama kucheka nimelisoma mpaka karatasi imelainika.

Sasa mimi ni fundi, na fundi anasikiliza pale pasipolia. Umenieleza paa, vibanio, betri na sanduku. Nilikuambia uifuate seng'enge nguzo kwa nguzo, na hilo peke yake hukulijibu. Badala yake unaniuliza kama sauti inaweza kupita njia nyingine.

Seng'enge haikatiki kwa kukaa. Nguzo zake ni za mutarakwa, mti usiooza, tulizichimbia mimi na Kipkirui, na penye ya tisa ndipo aliponipiga nyundo kwenye kidole gumba akakimbia hadi kwa mjomba. Ukucha ule haujawahi kunyooka. Nenda nguzo ya tisa, uniambie unaona nini.

Niandikie hilo tu. Usinifiche, Chelangat. Wewe hujui kuficha, tangu utoto ukificha kitu unakuwa na adabu nyingi.

Joab


Kapkoros
9 Juni 1996

Ndugu yangu,

Nisamehe. Barua yako ilifika Aprili na nimekaa nayo ndani ya Biblia tangu hapo. Nilianza kukujibu mara nne. Mama ni mzima. Ndama amekua. Chai ni nzuri. Hayo ndiyo niliyokuwa naandika, halafu nafika mwisho wa habari njema na kalamu inakauka.

Nilienda nguzo ya tisa. Hakuna nguzo ya tisa. Hakuna ya kwanza wala ya mwisho.

Desemba wazee wa ukoo waliketi hapa nyumbani. Walisema miaka mitatu bila mguu wako kuonekana ni mingi, kwamba wewe umepotea, na shamba la mtu aliyepotea halifai kulala. Kipkirui hakuwaita, lakini pia hakuwakataa. Wakampa. Wiki hiyohiyo aling'oa seng'enge, akaikunja, akaiweka nyuma ya zizi, akapanda miche ya chai kutoka shamba lake mpaka dirishani kwa Mama. Ilikuwa siku zilezile redio ya Baba ilipokufa, ndiyo maana sote tulidhani ni redio. Hakujua kwamba alikuwa anakata sauti ya Mama. Mimi pia sikujua mpaka barua yako ya Machi, na nilipojua nikaogopa.

Nami nilikuwepo, Joab. Niliwapikia wazee chai. Niliwamiminia kikombe kwa kikombe na sikufungua mdomo. Naona aibu hata kuandika.

Mama hajui. Haoni nje kutoka kitandani. Bado anasema, "Mchungie Joab seng'enge yake, ng'ombe wasiingie." Namwambia naam.

Unikasirikie mimi, lakini rudi nyumbani. Ukisimama hapa kwa miguu yako, ni nani atasema umepotea?

Chelangat


Isiolo
30 Juni 1996

Dada yangu Chelangat,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Ni Kimotho anayeandika, mimi nasema. Mkono una uchovu siku hizi. Ni kazi ya kulehemu vitu vidogo.

Nakusalimu wewe, na Mama, na Kipkirui, na mke wa Kipkirui. Usilie kwa sababu ya chai uliyowamiminia. Hata mimi ningekuwepo ningekunywa.

Hawakukosea wote. Ni kweli nilipotea. Mwaka wa kwanza nilikosa nauli, wa pili niliona haya kuja bila kitu, na wa tatu mwili ulianza kukonda, nikasema nitakuja nikinenepa. Sikunenepa. Sasa umejua na wewe, tumelipana. Hospitalini wananipa vidonge na macho ya huruma. Sitaki Mama aletewe mimi hivi, mfupa unaotembea. Nilitaka anisikie tu. Ndiyo maana nilikuwa naharakisha lile sanduku.

Nimekupakilia waya mpya, nyuzi mbili pamoja, mita themanini. Utafika kwa basi mpaka Bomet, uulize ofisi ya mizigo. Upitishe wote juu ya paa, chekundu na cheusi kama nilivyokufundisha, na sanduku litasema siku hiyohiyo. Kwa ajili ya sauti, seng'enge haihitajiki tena.

Nilikuwa naihitaji kwa jambo lingine. Nilikuwa nimejipimia mahali, hapo karibu na nguzo ya tisa, pana mwinuko na maji hayatuami. Lakini sasa kuna miche ya watu. Si neno. Huku Isiolo ardhi ni kubwa.

Joab
(Mimi Kimotho naongeza bila kuambiwa: mwalimu, mje mumuone mapema.)


Kapkoros
21 Julai 1996

Joab,

Leo sisalimu kwa mpangilio. Barua yako nilimpa Kipkirui aisome mwenyewe. Alikuwa anakamua. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi kwenye kile kigoda, maziwa yakaingia inzi. Akaingia nyuma ya zizi.

Alifanya kazi siku tano. Alienda hadi kule Chepseon kutafuta nguzo za mutarakwa, maana za zamani alikuwa amezipasua kuni. Alichimba mashimo yaleyale, bado yalikuwa yanaonekana. Aling'oa miche yake safu kwa safu. Mke wake akamuuliza, "Wewe, umerukwa na akili?" akamjibu, "Nirudishie nyundo." Alikunjua seng'enge peke yake bila glavu. Nilipomwambia kuna waya mpya umefika Bomet, mzuri, hauhitaji ua, alisema, "Utakaa kabatini. Sauti ipite mahali Joab aliipitisha."

Jana tuliunganisha. Yeye alikuwa kwenye redio, mimi kwa Mama. Nilikwangua, nikafunga waya wa sanduku kwenye seng'enge penye nguzo ya kumi na saba. Sanduku lilikohoa kama mzee, halafu likatoa habari za bei ya mahindi, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Mama alisema, "Nilijua." Siku nzima alikuwa anasikiliza.

Nguzo zako ni kumi na saba. Mwinuko uko, nimepalilia mimi. Lakini Joab, hatukurudisha seng'enge kwa jambo lile ulilosema. Tumeirudisha uje uegemee. Kipkirui anakuja kukuchukua akishauza majani ya mwezi huu. Hakuna atakayekuona mfupa. Nitawafukuza.

Dada yako,
Chelangat


Isiolo
11 Agosti 1996

Chelangat,

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe, usinicheke. Nimesoma. Nguzo kumi na saba. Nimetuma kadi ya salamu Jumatatu, lakini kule redioni kadi hukaa foleni ndefu, mwambie Mama asichoke.

Kipkirui asije. Nakuja mwenyewe. Kimotho ana pikapu.

J.


Kapkoros
29 Septemba 1996

Ndugu yangu Joab,

Chamgei. Najua hakuna stempu ya barua hii. Hapo ulipo ni hatua arobaini kutoka jikoni kwangu, na ningeweza kuja kukuambia kwa mdomo, lakini tumezoea kuandikiana na mdomo wangu siku hizi haufiki mwisho wa sentensi.

Nasari imefunguliwa. Mvua ni ya kutosha. Ndama ameuzwa na Kipkirui amemlilia, yeye aliyemnunia. Kimotho ametuandikia, amefika salama, anasema meza yako ya kazi hajamruhusu mtu kuikalia.

Ulisema unakuja, na ulikuja, tarehe ishirini na nne Agosti, kwa pikapu, ila umelala. Kimotho alipiga simu posta ya Bomet siku mbili kabla, na alikuwa amekwisha kulipia tangazo. Siku ya kusomwa matangazo ya vifo nilienda kwenye redio nikachomoa ule waya wa chekundu kwa mkono wangu, nikatembea kando ya seng'enge yako mpaka kwa Mama, nikamwambia mwenyewe. Ulinifundisha kuunganisha, hukunifundisha hilo lingine. Hakulia. Aligeuza uso ukutani. Tulimbeba kwa kiti siku ya mazishi akakuona ukishuka hapo kwenye mwinuko, akarudishwa kitandani, na tangu siku ile hakusema neno, hata la kuomba maji. Wiki tano. Nilianza kudhani tunawazika wawili.

Kipkirui aliifunika redio kwa blanketi. Haendi kanisani. Ukimwambia njoo ule anasema ameshiba. Asubuhi anazunguka nguzo zako akizitikisa kama zinalegea. Hazilegei. Niliwahi kumwambia, "Ndugu, alikuwa hana neno na wewe," akanijibu, "Alikuambia wewe. Mimi hakuniambia."

Leo mchana Mama alininyooshea kidole kwenye sanduku. Sikuelewa. Akanyoosha tena. Nikakumbuka ni Jumapili. Nikaenda kumwambia Kipkirui atoe blanketi, nikadhani atakataa. Alilitoa, akarudisha waya, akawasha, halafu akatoka nje asisikie.

Saa nane na dakika kama ishirini hivi, baada ya salamu za watu wa Mulot na za askari mmoja wa Garissa, mtangazaji akasema jina lako. Joab Kipngeno wa Isiolo. Nilishika kitanda. Akasema unamsalimia mama yako mzazi Marcella anayesikiliza kwa sanduku lake mwenyewe. Unamsalimia dada yako Chelangat, fundi wa familia. Na unamsalimia ndugu yako Kipkirui, na ujumbe wako ni kwamba kidole gumba kilipona zamani, na shamba alilime pande zote za seng'enge, awaachie tu Mama sauti na wewe kipande cha kulala. Mtangazaji akacheka kidogo, hakuelewa, akasoma kadi nyingine.

Mama aliinua mkono kwenye sanduku. Akaitikia salamu yako, "Chamgei mising, Joab." Vizuri kabisa, kama mtu amesimama mlangoni. Halafu akaomba maji.

Nilikimbilia dirishani nimwite Kipkirui, nimwambie amekosa, nimrudilie maneno yote. Hakuwa mbali. Sauti ya redio kubwa ilikuwa imemfikia nje. Alikuwa amepiga magoti kwenye nguzo ya tisa, ameshika seng'enge kwa mikono miwili, analia kwa sauti. Nilitaka kumwambia aiachie, itamchoma. Nikakumbuka ulivyoniandikia kwamba haiumi, na kwamba kila neno la sanduku hurudi kwa njia hiyo. Nikamwacha aendelee kuishika.

Dada yako,
Chelangat